Aliyofundishwa Gwantwa

Katika kanisa lile dogo la mtaa wa Majengo, pale Tunduma, hakuna aliyebisha kwamba Loisi ndiye mwanafunzi wa Mchungaji Mbonile. Wengine walikuwa waumini, yeye alikuwa mwanafunzi. Asubuhi aliuza vitenge karibu na mpaka, wateja kutoka upande wa Zambia wakimwita bamayo, yaani mama, na kumbembeleza apunguze bei. Alasiri, akishafunga kibanda, alipita ofisini kwa mchungaji kurudisha kitabu na kuazima kingine. Darasa la Biblia la akina mama lilikuwa lake. Mchungaji akisahau jina la mji wa kale katikati ya mahubiri, alimtazama Loisi, naye alilitaja kwa sauti ya chini kutoka benchi la mbele, na kanisa zima likajua jibu limetoka wapi. Hakukuwa na cheo kingine alichokipenda kama hicho.

Gwantwa alikuja baadaye. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Mbebe kule milimani Ileje, aliyeuza maharage sokoni na kuishi chumba cha kupanga nyuma ya kituo cha malori. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango na kuondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Mumewe hakuonekana, na aliyeuliza aliambiwa yuko kwa ndugu zake Kamsamba, anachunga ng'ombe. Loisi alimjua kama unavyomjua mtu wa kanisani: kwa nguo na kwa mahali anapokaa.

Halafu ikaja Jumatano moja. Loisi alikuwa anarudisha kitabu, na kabla hajagusa mlango wa ofisi, uliokuwa wazi kidogo, akaisikia sauti ya mchungaji.

"Waliitwa Wagnostiki," mchungaji alikuwa anasema. "Usidhani walikuwa wapagani wa mbali. Karne zile za mwanzo walikaa nyumba moja na Wakristo wengine, wakaimba pamoja, wakamega mkate uleule. Mgeni akiingia asingeweza kuwatofautisha. Ila wao walisema imani ni ya watu wa kawaida. Wao walikuwa na ujuzi. Walisema Yesu aliutoa kwa siri, si mbele ya umati, kwa wale wachache aliowachagua."

"Na dunia, baba?" Ilikuwa sauti ya Gwantwa.

"Dunia walisema haikuumbwa na Mungu wa kweli. Iliumbwa na mungu mdogo, asiyejua kwamba juu yake yuko mwingine. Ndani ya mtu mna cheche ya nuru iliyotoka juu, imefungiwa katika mwili. Mwenye ujuzi ndiye anayeikumbuka cheche hiyo na kutoka."

Loisi akasukuma mlango. Mchungaji akanyamaza papo hapo, kama mtu aliyeshikwa na kitu mkononi.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Tulikuwa tunamalizia."

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Cha Gwantwa kilikuwa kile chenye mfuniko, cha maua ya buluu, ambacho mchungaji hakuwahi kumtolea Loisi katika miaka yote ile. Loisi alikitazama kuliko alivyomtazama mwenye kukishika. Gwantwa aliaga, akajifunga khanga vizuri, akatoka bila kuinua macho.

"Naona una mwanafunzi mpya," Loisi alisema, akiweka kitabu mezani.

"Kuna mambo ameniuliza."

"Mambo gani? Pengine ningemsaidia darasani."

Mchungaji alisugua goti lake lililokuwa likimsumbua tangu masika. "Mtu akiniletea jambo lake, mwalimu, linabaki kati yangu na yeye. Hata wewe nisingelitoa la kwako."

Lilikuwa jibu la haki, na Loisi alijua hivyo. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alilisikia neno moja tu: wachache aliowachagua. Yeye alikuwa amepewa vitabu. Vitabu hupewa yeyote. Gwantwa alikuwa anapewa maneno kutoka kinywani, mlango umeegeshwa, na kikombe chenye mfuniko.

Toka siku hiyo Gwantwa akawa kila mahali. Kabla ya hapo Loisi hakuwahi kuona anavyotembea. Sasa aliujua mwendo wake kutoka mbali, na alijua Jumatano ipi amekuja mapema na ipi amechelewa kutoka. Mchungaji akihubiri juu ya nuru, Loisi aligeuka nyuma kuona kama Gwantwa ametikisa kichwa. Mchungaji akisahau jina la mji, Loisi alilitaja haraka zaidi ya zamani, kwa sauti iliyozidi kidogo. Usiku alipokuwa akipika alijikuta anabishana na mwanamke yule kichwani, na kila mara yeye ndiye aliyeshinda.

Kisha Gwantwa akaja darasani. Loisi alikuwa anafundisha juu ya amri, na alipofika kwenye maneno kwamba Mungu ni Mungu mwenye wivu, mkono ukainuka karibu na mlango.

"Samahani, dada Loisi. Nina swali."

"Uliza, mdogo wangu."

"Kama hakuna mungu mwingine, anamwonea nani wivu?"

Mama mmoja aliacha kumpapasa mtoto wake mgongoni. Halikuwa swali la dhihaka. Gwantwa alimtazama Loisi kama mgonjwa anavyomtazama muuguzi, na Loisi aliona kabisa kwamba mwanamke huyu anataka jibu kwa moyo wake wote. Katika miaka yote ya kulisoma fungu lile hakuwahi kujiuliza hilo.

"Hayo ni maswali ya kuwapotosha watu," alisema. "Tuendelee."

Gwantwa akashusha macho na kuendelea kukaa mpaka mwisho, mikono mapajani.

Jioni ile Loisi alimsimulia mumewe Ezron, ambaye alikuwa anatengeneza mguu wa kiti uani. Ezron alisikiliza, akapuliza vumbi la mbao.

"Si ungemwambia tu hujui?"

"Mimi ni mwalimu wa darasa."

"Ndiyo nasema. Mwalimu si anaweza kutokujua?"

Loisi aliingia ndani. Wiki iliyofuata akaenda kwa mzee Isaka, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akakaa sebuleni kwake na kusema ana wasiwasi na mafundisho. Hakusema uongo hata mmoja. Alisema amesikia kwa masikio yake, ofisini mwa mchungaji, maneno kwamba dunia iliumbwa na mungu mdogo. Alisema mlango ulikuwa umeegeshwa. Alisema mwanamke yule sasa anayaleta maswali hayo darasani. Alipokuwa akisema, moyo wake ulikuwa mwepesi, na ilimshangaza namna kila neno lilivyokuwa kweli na bado akahisi anamwibia mtu.

Wazee walikutana Jumamosi mchana, baada ya mazoezi ya kwaya. Loisi aliitwa kama shahidi, Gwantwa naye akaitwa. Mzee Isaka alisoma mashtaka taratibu, kisha akamuuliza mchungaji kama ni kweli anafundisha kwamba Mungu siye aliyeumba dunia.

"Sifundishi hivyo," Mchungaji Mbonile alisema.

"Maneno hayo yalisemwa?"

"Yalisemwa."

"Kwa sababu gani?"

Mchungaji alikaa kimya. Aliulizwa tena, na tena akakaa kimya, mikono juu ya goti lake bovu. Wazee walianza kutazamana. Loisi aliona uso wa mchungaji umekuwa wa kijivu, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba jambo hili linaweza kumtoa madhabahuni.

Gwantwa akasimama.

"Baba Mchungaji ananyamaza kwa sababu nilimwomba asimwambie mtu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kindali, lugha ya kwao Ileje, na alikisema polepole ili asikosee. "Mume wangu Makene ameniacha. Mwaka jana mtoto wetu Happy alikufa kwa homa. Tulimzika kwetu Mbebe. Baada ya hapo mume wangu akawa halali. Akaenda kwa ndugu zake Kamsamba, akakutana na mtu mmoja anaitwa Andongwisye, alikuwa fundi simu hapahapa mjini. Huyo ana watu wake, wanakaa pamoja. Anawasomea mambo ya kale aliyoyapata kwenye simu. Anawaambia dunia hii ni kazi ya mungu mdogo, mwili ni gereza, ndoa ni mnyororo wa kuongeza wafungwa. Mume wangu alinipigia akasema nisimsubiri, yeye sasa anajua. Mimi darasa la saba. Sikuwa na la kumjibu. Nikaja kwa baba kumuuliza haya maneno yametoka wapi, na wale Wakristo wa kwanza waliyajibu vipi. Nilimwomba aniambie yote, na ya upande wao pia, maana nikimwambia Makene ni ujinga mtupu hatanisikiliza. Niliona aibu watu wajue nimeachwa kwa sababu ya Mungu."

Akakaa. Mzee Isaka alivua miwani, akaifuta, akasema kikao kimefungwa.

Nje, wazee walimshika mchungaji mkono mmoja mmoja. Loisi alisimama kando ya tangi la maji akitamani mtu amtukane. Badala yake Gwantwa ndiye aliyemfuata.

"Dada Loisi, nataka kwenda Kamsamba. Baba hawezi barabara ile na mguu wake. Utanisindikiza?"

"Mimi?"

"Wewe umeshajua. Wengine ningeanza kuwaeleza upya. Na Biblia unaijua kuliko mimi."

Loisi alikubali kabla hajafikiri. Huruma ilikuwepo katika kukubali kwake, na aibu pia. Lakini chini kabisa, na hili alilijua, palikuwa na furaha ndogo kwamba amehitajiwa, kwamba yeye ndiye atakayesimama mbele ya Andongwisye na kumjibu.

Waliondoka na gari dogo la mizigo lililokuwa linarudi kubeba mpunga. Hadi kufika Chitete ilikuwa baridi na vumbi. Baada ya hapo barabara ikaanza kuteremka na joto likaanza kupanda kuwalaki. Gwantwa alisinzia. Loisi alipanga hoja zake. Alikuwa amerudia vitabu vyote vya mchungaji vilivyogusa habari ile, na vilikuwa vitatu au vinne, vyote aliwahi kuviazima zamani na kuvirudisha. Hilo ndilo lililomchoma. Hakukuwa na siri. Yote aliyoambiwa Gwantwa yalikuwa mikononi mwa Loisi miaka mingi, akayasoma kama majina ya miji.

Kwa Andongwisye palikuwa ni nyumba mbili za tofali na uwanja wa kuanikia mpunga, mwendo mfupi kutoka senta ya Kamsamba. Loisi alitegemea mtu wa macho makali. Alimkuta mwanaume mpole, mwembamba, aliyewapa maji kabla hajawauliza shida yao.

"Karibuni sana," alisema. "Hapa hatubishani na mtu. Anayejua anajua, na ambaye bado, wakati wake utafika."

Makene alitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa mrefu, mifupa ya mabega imechomoza. Ndugu zake, waliowakuta senta, walikuwa wamesema ameacha nyama na maziwa, na ng'ombe wake amewaachia wao. Alimsalimia mkewe kwa heshima, kama mtu anavyomsalimia shemeji, akakaa kwenye gunia mbali naye kidogo.

"Umekuja kunichukua," alisema.

"Nimekuja kuongea."

"Gwantwa, Happy hakufa. Alitoka gerezani. Huyo aliyeumba homa, na hawa inzi, na hili jua, siye baba yetu. Kama ndiye baba, basi ni baba wa namna gani? Yeye mwenyewe amesema ana wivu. Mkubwa anamwonea nani wivu? Aliye mdogo ndiye anayeona wivu, kwa sababu anajua yuko mwingine."

Loisi alisikia maneno yale yakimwingia mahali ambapo Makene hakupalenga. Akajikaza, akasogea mbele.

"Hilo swali ni la zamani, shemeji," alianza. "Lilijibiwa na mababa wa kanisa katika karne ile ya pili. Walionyesha kwamba aliyeumba na aliyeokoa ni mmoja, kwa sababu—"

Makene alimtazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mchuuzi wa bidhaa ambayo haihitaji. Andongwisye alitabasamu kidogo. Loisi aliendelea sentensi moja zaidi, akaisikia sauti yake mwenyewe, ile ya benchi la mbele, akaacha katikati.

Ndipo Gwantwa akasema.

"Mimi nina wivu, Makene. Tangu uondoke ninamwonea wivu huyu baba, kwa sababu anakula na wewe. Ninauonea wivu mkeka unaoulalia. Hilo limenifanya mdogo? Ningekuwa nimekutoa moyoni nisingeona wivu, ningelala vizuri tu. Mungu asiyeumia tukiondoka simtaki. Huyo atatutazama tunapotea, aseme ni sawa, wakati wao utafika."

Makene alikuwa anatazama chini.

"Na Happy. Unasema mwili wake ulikuwa gereza. Wewe siku ile ulikuwa nje unapokea watu. Mimi ndiye niliyemwosha. Niliosha mpaka katikati ya vidole vya miguu, kulikuwa na vumbi, alikuwa amecheza uani kabla homa haijampata. Sikuona gereza. Nilimwona yeye. Baba Mchungaji ameniambia, hata wakati ule wa kwanza walikuwepo waliosema Yesu hakuwa na mwili wa kweli, ulikuwa kama kivuli, misumari haikumuuma. Na wenzao wakawajibu: kama hakuwa na mwili, basi hakulia, hakufa, na hakuna kilichofufuka. Nimelishika hilo. Sitaki cheche, Makene. Nataka mtoto wangu na vidole vyake."

Kuku alipita juu ya mpunga na hakuna aliyemfukuza. Makene alisimama, akazunguka nyuma ya nyumba, na baada ya muda wakasikia mtu mzima analia, kwa kishindo, kama anayekohoa.

"Hayo ni maumivu, dada," Andongwisye alisema taratibu. "Maumivu si ujuzi."

"Ndiyo, baba," Gwantwa alisema. "Ndiyo niliyokuja nayo."

Loisi aliyakodolea macho magunia. Alipaswa kumwonea Gwantwa fahari. Alimwonea, kiasi. Lakini kilichomjaa kifuani kilikuwa kilekile cha Jumatano ile, ila sasa kikali zaidi, kwa sababu sasa hapakuwa na mlango ulioegeshwa wa kulaumu. Jibu alilokosa darasani alikuwa amelisikia, na halikuwa kwenye kitabu chochote alichokiazima. Angetoa kibanda chake na vitenge vyote ili maneno yale yawe yametoka kinywani mwake. Papo hapo akakumbuka yamemgharimu nini mwenzake, akaona haya.

Makene hakuja nao. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akambebea mkewe mkoba, akarudi.

Gari la kurudi liliharibika Chitete, wakakaa kwenye kibaraza cha duka karibu na ofisi za wilaya wakisubiri jingine. Loisi alinunua soda mbili. Ya kwake hakuifungua.

"Gwantwa. Nilikushtaki kwa wivu. Haikuwa mafundisho."

"Najua, dada."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ofisini. Ulikitazama sana kile kikombe." Gwantwa alikunywa kidogo. "Kile kingine kilikuwa na ufa. Baba aliogopa kitanichoma."

Loisi alicheka ghafla, kisha akafunika uso kwa upande wa kitenge. "Na bado ukaniomba nije nawe."

"Niliogopa kwenda peke yangu."

Jumapili iliyofuata Loisi aliomba nafasi mbele ya wazee, akawaambia alichomwambia Gwantwa kibarazani, kwa maneno machache. Mzee Isaka alitaka kumpoza. Yeye akakataa kupozwa. Mchungaji Mbonile alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesamehe, na kwamba kuna kitabu kingine mezani kama anakitaka. Hakusema zaidi, na uhusiano wao haukurudi mara moja kuwa ule wa zamani.

Makene alikuja wakati wa kuvuna maharage. Hakupitia Tunduma. Alikwenda moja kwa moja Mbebe, akakutwa na mama mkwe wake amekaa kwenye kaburi la Happy, amelipalilia magugu yote kwa mikono. Kanisani haingii mpaka leo. Anasema bado hajui amweleweje Mungu, na Gwantwa hamlazimishi. Wanaishi chumba kilekile nyuma ya kituo cha malori, na asubuhi ndiye anayembebea magunia sokoni.

Mchungaji alipopendekeza darasa la akina mama lijifunze habari za Wakristo wa kwanza na hao Wagnostiki, maana simu zimewaletea watu wengi maneno ya akina Andongwisye, wote walimgeukia Loisi. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, na alikuwa na maelezo ya kutosha kufundisha mwaka mzima.

"Afundishe Gwantwa," alisema.

"Mimi darasa la saba, dada," Gwantwa alisema kutoka benchi la mwisho.

"Tarehe na majina ukikwama, utaniuliza."

Gwantwa akapita mbele, khanga mkononi, akatafuta mahali pa kusimama. Akaanza kwa kuwaambia kwamba watu wale hawakuwa wajinga, kwamba waliitazama dunia hii, wakaona watoto wanakufa, wakauliza nani kaifanya. Akina mama wakasogea karibu, hata wale wa mlangoni. Loisi alisikiliza. Ilimuuma tangu neno la kwanza, na alijua wiki ijayo itamuuma tena. Gwantwa alipofika kwenye jina la mji mmoja wa kale wa Misri akasita na kumtazama, Loisi akamtajia polepole, Gwantwa akaendelea.